Safu ya Lugha: Mshipi, si kamba

Vijana wa Bulyaga wanaoteremka Mto Kiwira husema “kamba ya kuvulia”. Neno lenyewe ni mshipi. Wavuvi wa pwani wanalo tangu kale, na ndilo hilohilo la mkanda wa kiunoni. Kamba ifunge ng'ombe. Wala mshipi si uzi, na kwa anayevua trauti kwa nzi wa bandia tofauti hiyo ni kubwa: mshipi ni mzito, uzito wake ndio unaombeba nzi hewani, uzi hufungwa nchani, mita 2 au 3, samaki asiushtukie. Mshipi wa dukani hufika mita 27 hivi. Mtoni, penye matawi yaliyoinamia maji, mita 8 zinatosha. Zaidi ya hapo utavua majani.