Umeme kwa Mama Anayevuja Mkojo: Tiba Hii Ilitoka Wapi?

Leo tunagusa jambo ambalo akina mama wengi hulificha: mkojo kutoka bila hiari. Unakohoa, unacheka au unainua mtungi wa maji, mara nguo imelowa. Ukisema, unaambiwa, "Ndivyo uzazi ulivyo, vumilia." La, mama. Tatizo hili lina tiba, na tiba yake ina historia.

Umeme ulianza zamani kutumiwa kutibu. Karibu miaka 2,000 iliyopita, daktari wa Kirumi Scribonius Largus alitumia samaki wa baharini anayetoa umeme kutuliza maumivu ya kichwa. Upande wa mkojo ulichelewa sana. Mwaka 1948, Dkt. Arnold Kegel wa Marekani alieleza mazoezi ya kukaza misuli ya nyonga inayoshikilia kibofu, ambayo mimba na uzazi huilegeza. Lakini wapo akina mama wasioweza kuihisi misuli hiyo, seuze kuikaza. Mwaka 1963, daktari Caldwell wa Exeter, Uingereza, alieleza kifaa cha umeme kinachopandikizwa mwilini ili kuikaza. Baadaye vikaja vifaa vidogo vinavyowekwa ukeni kwa dakika chache, bila upasuaji. Mwaka 1997, Marekani iliidhinisha kifaa kinachopandikizwa kwenye neva za chini ya mgongo, kwa wanaobanwa ghafla wasiwahi choo.

Umeme huo ni mdogo. Husisimua neva, misuli ikajikaza yenyewe, nawe ukajifunza kuitambua. Hautakiwi kuumiza. Haumfai mjamzito, wala aliyewekewa kifaa cha kuendesha mapigo ya moyo. Kwa hiyo usinunue mashine mtaani. Mtaalamu akupime kwanza.

Hata leo, mazoezi ndiyo ya kwanza, na hayana gharama. Kaza kana kwamba unazuia mkojo na hewa, hesabu hadi 5, legeza. Rudia mara 10, mara 3 kwa siku, kwa miezi 3. Usibane pumzi.

Sasa sikiliza vizuri. Ikiwa mkojo unatiririka usiku na mchana tangu ulipojifungua kwa uchungu wa muda mrefu, huenda ni fistula, yaani tundu kati ya kibofu na uke. Umeme hauzibi tundu. Upasuaji ndio huziba. Dkt. Catherine Hamlin na mumewe Reginald walifungua hospitali ya fistula Addis Ababa mwaka 1974, na hapa kwetu Hospitali ya Taifa ya Kenyatta pia hufanya upasuaji huo.

Mama wa Loresho, Kangemi au Kabete, ukienda kliniki ya mtoto, mwambie muuguzi na habari zako. Atakuelekeza kwa daktari au mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Hatakucheka; wengi wamekutangulia.