Dini ya Zoroasta na asili ya Nairuzi

Dini ya Zoroasta ni mojawapo ya dini kongwe zenye waumini hadi leo. Mwasisi wake ni Zarathustra, nabii wa Wairani wa kale. Waumini humwabudu Ahura Mazda, na kila mtu hutakiwa achague kati ya kweli na uongo kwa fikra njema, maneno mema na matendo mema. Makuhani wake waliitwa mamajusi.

Ilikuwa dini ya dola ya Wasasani, iliyoanza mwaka 224 na kuangushwa na Waarabu mwaka 651. Baadhi ya waumini walihamia Gujarat, India, wakaitwa Waparsi. Idadi ya Waparsi inapungua, kwani kwa kawaida hawapokei waongofu. Hata hivyo Nairuzi, sikukuu ya mwaka mpya ya Waajemi, imeacha jina lake katika mwaka mpya wa Waswahili, uadhimishwao Makunduchi, Unguja.