Kutoka jagi la mtumishi hadi pangaboi la sumaku: safari ya pampu za tangi la matumbawe

Mwaka 1846, Anna Thynne, mke wa kasisi wa Westminster Abbey jijini London, alikuwa matembezini Torquay, kusini magharibi mwa Uingereza, alipoyaona matumbawe madogo ya bahari za baridi na kutamani kurudi nayo nyumbani yakiwa hai. Alichukua sindano na uzi, akayashona kwenye sponji ili yasigongane njiani, akayatia ndani ya mtungi wa maji ya bahari, akasafiri nayo.

Mwanzoni aliyabadilishia maji kwa maji mapya ya bahari. Maji hayo yalipoadimika, akaamua kuyatumia tena yaleyale ya zamani, lakini kwanza yamiminwe kutoka chombo kimoja hadi kingine mbele ya dirisha lililo wazi ili yashike hewa. Kazi hiyo alipewa mtumishi wa nyumba: nusu saa hadi dakika 45, kila mara kabla maji hayajatumiwa tena. Matumbawe yaliishi karibu miaka mitatu, yakazaliana. Historia ya ufugaji wa viumbe vya bahari inamtaja bibi mwenye nyumba, na anastahili sifa hiyo. Lakini kila nikiisoma habari hii, macho yangu huenda kwa yule mtumishi aliyesimama dirishani na jagi mkononi. Kazi aliyoifanya kwa mikono yake ndiyo ambayo leo hufanywa na pampu.

Kwa nini maji yasiachwe yatulie? Samaki akikosa hewa hapa, hujisogeza pale. Tumbawe limeshikamana na mwamba. Chakula chake, oksijeni yake ya usiku, kalsiamu ya kujengea mifupa yake, vyote huletwa na maji, na uchafu wake huondolewa na maji hayohayo. Tena kuna jambo ambalo jicho halilioni: mwili wa tumbawe umevikwa tabaka jembamba la maji yaliyotulia, unene wake ukiwa sehemu ya milimita hadi milimita chache. Ndani ya tabaka hilo gesi na virutubisho hupenya polepole mno. Mkondo ukiongezeka, tabaka hukonda na tumbawe hupumua. Mkondo ukilala, tabaka hunenepa, na tumbawe huweza kukosa pumzi hata kama maji yanayolizunguka ni safi. Matumbawe ya bahari za joto yana mzigo mwingine pia. Mwani mdogo unaoishi ndani ya miili yao hutoa oksijeni kwa wingi wakati wa mchana, na ziada yake isipochukuliwa na maji huwa sumu.

Mtu aliyekulia pwani yetu anaifahamu nguvu hii bila kusoma kitabu. Wakati wa bamvua, maji ya Mombasa na Unguja hupanda na kushuka kwa takriban mita 4. Maji mafu yakifika, mwendo hupungua. Kusi huyasukuma maji ya mwambani huku, kaskazi huyasukuma kule. Samaki wa mapambo wanaokamatwa Shimoni na sehemu nyingine za pwani ya Kenya, kisha wakasafirishwa kwa ndege hadi Ulaya na Marekani, wametoka katika maji yasiyokaa na mwendo mmoja. Anayewapokea katika tangi la kioo sebuleni analazimika kuwatengenezea bamvua yake mwenyewe.

Aliyelifanya jambo hilo kwa kiwango kikubwa mapema zaidi ni Mwingereza William Alford Lloyd. Katikati ya karne ya 19, wapenzi wengi wa matangi waliamini kwamba ukichanganya mimea na wanyama kwa kipimo sawa, tangi litajiendesha lenyewe. Mengi yalivunda. Lloyd aliona kwamba maji yanataka wingi na yanataka mwendo. Katika akwaria ya Hamburg iliyofunguliwa 1864, kisha ile ya Crystal Palace, London, ya mwaka 1871, aliweka chini ya sakafu hodhi lenye giza, na lile la Crystal Palace lilikuwa kubwa kuliko matangi yote ya maonyesho yakijumlishwa. Huko mashine za mvuke ziliyasukuma maji juu usiku na mchana, nayo yakashuka tena hodhini. Anton Dohrn alipojenga kituo chake cha utafiti wa bahari Naples, Italia, ambacho akwaria yake ilifunguliwa 1874, alimwita Lloyd aipange mitambo. Leo, ukifungua kabati lililo chini ya tangi la matumbawe la mtu anayejua kazi yake, utakuta tangi la pili lililojificha, na pampu inayorudisha maji juu. Hilo ni hodhi la Lloyd, limepunguzwa likaenea sebuleni.

Nyumba za kawaida zilisubiri muda mrefu. Mashine ya mvuke haiingii sebuleni, na pampu za chuma zilileta maafa yake: shaba kidogo tu ikiyeyuka katika maji ya chumvi huua matumbawe. Kwa hiyo kwa miongo mingi waliofuga samaki wa bahari walitegemea pampu ndogo za hewa na mapovu yake. Mwaka 1961, Lee Chin Eng wa Jakarta, Indonesia, alichapisha katika jarida la Marekani maelezo ya tangi lake la ajabu: mawe hai yaliyotolewa mwambani pamoja na viumbe vyake vyote, mwanga wa jua, na mapovu ya hewa. Wengi walishangaa kwamba matumbawe yaliishi. Mapovu yake hayakuwa mengi, lakini yaliyainua maji na kuyazungusha, na mawe yalifanya usafi uliobaki.

Mageuzi makubwa yalitokea ndani ya mota. Umeme na maji ya chumvi ni maadui, na pampu yenye mhimili wa chuma unaopenya kutoka kwenye mota hadi majini huvuja mapema au baadaye. Suluhisho lilikuwa kuutenga umeme kabisa. Nyaya za mota hufunikwa ndani ya gundi ngumu isiyopitisha maji, na kinachozunguka majini ni sumaku tu, iliyounganishwa na mapezi madogo ya plastiki. Uga wa sumaku hupita ukutani bila kuhitaji tundu. Kampuni za Ujerumani kama Eheim na Tunze zilijijengea jina katika kazi hii. Hapo tangi la nyumbani likaweza kuwa na mkondo wa kweli.

Ila mkondo wenyewe ulikuwa na kasoro. Pampu hizo huvuta maji na kuyatoa kupitia mdomo mwembamba, kama mpira wa bustani uliobanwa kwa kidole. Tumbawe lililo mbele ya mdomo huchunwa nyama, na lililo nyuma ya jiwe halipati kitu. Zaidi ya hayo, mota ya aina hiyo hufuata mapigo ya umeme wa ukutani: penye hezi 50, sumaku yenye ncha mbili huzunguka mara 3,000 kwa dakika, haizidi wala haipungui. Mwenye tangi aliyetaka mabadiliko hakuwa na njia ila kuziwasha na kuzizima pampu kwa zamu.

Wanasayansi nao walikuwa wakilitafuta wimbi. Walter Adey wa taasisi ya Smithsonian, Washington, alijenga mwamba mdogo wa Karibi ndani ya jumba la makumbusho, ukaonyeshwa kwa umma mwaka 1980, ukiwa na mawimbi yake. Adey alisisitiza pia kwamba mapezi ya pampu za kawaida huwasaga viumbe wadogo wanaoelea, ambao ni chakula cha matumbawe. Katika Waikiki Aquarium ya Hawaii, Bruce Carlson alipata njia ambayo naipenda kuliko zote kwa wepesi wake. Pampu ndogo hujaza pipa lililo juu ya tangi. Maji yakifika kimo fulani, bomba lililopindwa hujivuta lenyewe na kulimwaga pipa lote kwa mkupuo, kama tangi la choo. Kisha hewa huingia, mmiminiko hukatika, na kujaza huanza upya. Matumbawe hupata pigo la wimbi, na kinachozunguka ni pampu moja tu ya kawaida.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Tunze walileta pampu za pangaboi. Badala ya kuyabana maji, pangaboi pana huyasukuma kwa wingi na kwa upole, kwa umeme kidogo. Mota zake mpya ziliongozwa na saketi za kielektroniki, kwa hiyo kasi ikaweza kupanda na kushuka. Kampuni hiyo ilitoa pia kifaa kinachopiga maji kwa mapigo yanayolingana na myumbo wa asili wa tangi, kama unavyomsukuma mtoto kwenye pembea kwa wakati wake, hadi maji yote yanayumba upande hadi upande. Katikati ya muongo huo EcoTech Marine ya Pennsylvania, Marekani, ikatoa VorTech: mota yote hukaa nje ya kioo, pangaboi hukaa ndani, na sumaku huvishika pamoja kupitia kioo chenyewe. Ndani ya maji hakuna waya hata mmoja, na joto la mota hubaki nje.

Unaposimama dukani leo, namba iliyoandikwa kwa herufi kubwa kwenye boksi ni lita kwa saa. Wafugaji wengi hulenga mzunguko wa mara 10 hadi 20 ya ujazo wa tangi kwa matumbawe laini, na mara 20 hadi 40 au zaidi kwa yale magumu yenye matawi. Tangi la lita 200 lenye matumbawe ya matawi linahitaji basi lita 4,000 hadi 8,000 kwa saa. Namba hiyo ni mwanzo tu. Kwa maoni yangu, pampu mbili za lita 3,000 zinazotazamana kutoka pande mbili zinashinda moja ya lita 6,000, kwa sababu mikondo inapokutana huvurugika, na mvurugiko ndio matumbawe yaliouzoea mwambani. Chagua yenye mdomo mpana na kasi inayobadilika. Yapange mawe yaache njia ya maji nyuma yake, yasiegemee kioo. Mara moja moja zitoe pampu, uziloweke kwenye siki iliyochanganywa na maji, maana chokaa huganda kwenye sumaku na kupunguza nguvu taratibu bila wewe kujua.

Na kabla hujalipa, uliza kama pampu hiyo inaweza kutumia betri. Umeme ukikatika usiku, oksijeni ya tangi lililojaa viumbe hushuka kwa saa chache tu. Kama betri huna, chota maji kwa jagi safi, yainue juu, yamimine tena tangini, na urudie kila baada ya dakika chache mpaka umeme urudi.