Banifu

"Jiko banifu" limetokana na kubana, kama tunavyosema kubana matumizi, na nalipenda kuliko "jiko bora" kwa sababu linataja kazi yenyewe. Udongo uliochomwa ndani ya ganda la bati hubana joto lisitorokee ubavuni, liende kwenye sufuria. Mafiga matatu hukifikishia chungu takriban sehemu moja tu kati ya kumi ya joto la kuni. Lililobaki hupotea hewani.

Neno "nafuu", kwa upande wake, hupotosha, kwa sababu halisemi gharama hulipwa vipi. Mkaa wa kopo hulipiwa kidogo kidogo, kila siku. Jiko la presha la umeme hudai fedha nyingi kwa mkupuo. Ila limefungwa na kukingwa lisipoteze joto, hivyo sufuria ya maharage huiva kwa chini ya uniti moja ya umeme. Mkakati wa Tanzania wa 2024 unalenga asilimia 80 ya wananchi watumie nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Ili lengo hilo lifikiwe, wauza majiko na waandike kwenye boksi bei ya jiko, na chini yake gharama ya kuivisha kilo ya maharage.