Mama, simu na sikio la mtoto

Kabla kila mtu mtaani awe na simu yake, kulikuwa na simu ya jamii. Unashuka 46 pale Kawangware, unapata kibanda, simu moja na foleni. Safaricom na Kencell zilikuwa zimeanza kuuzia mwananchi wa kawaida laini mwaka 2000, na kupiga ilikuwa ghali. Uliongea mbio: "Tumefika salama, tuma pesa," halafu unakata.

Woga ulikuja na hiyo simu. Kibera na Kawangware tulikua tukisikia ati mawimbi yanachemsha ubongo, ati mjamzito akiweka simu karibu na tumbo mtoto atazaliwa kiziwi. Mama yangu alininyang'anya Nokia yake kila nilipoibandika sikioni. Mimi nilidhani ni ushamba. Kumbe wanasayansi walikuwa na swali kama lake.

Mwaka huo huo wa 2000, utafiti mkubwa uitwao Interphone ulianza katika nchi 13, kuchunguza uvimbe wa ubongo na wa neva ya kusikia kwa watu wazima. Mwaka 2011 IARC, shirika la saratani la WHO, likayaweka mawimbi ya simu kundi la 2B: huenda yakaleta saratani, ila ushahidi haujatosha. Kisha MOBI-Kids ikachunguza vijana wa miaka 10 hadi 24 katika nchi 14, na haikupata ushahidi kwamba simu zinaleta uvimbe wa ubongo. Katika tafiti zote mbili, hakukuwa na nchi hata moja ya Afrika.

Na sisi tuna mambo yetu. Nyumba ya mabati huzuia mawimbi, na simu ikipata mtandao hafifu hutumia nguvu zaidi kufikia mnara. Hata hivyo, nguvu hiyo ina kikomo. Mawimbi haya hayana uwezo wa kuvunja chembe za mwili. Yanaweza tu kuupasha joto kidogo. Ukiiweka simu mbali kidogo na kichwa, yanapungua sana.

Sauti ni kitu kingine. Ndani ya sikio kuna seli ndogo zenye vinywele, kama 15,000 hivi. Tunazaliwa nazo, na zikifa hazioti tena. Kelele ndiyo huziua. WHO inasema mtu mzima asizidi desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Kwa mtoto ni 75. Kenya nayo ilitunga kanuni za kelele mwaka 2009, usiku mtaa wa makazi usizidi desibeli 35. Sasa panda nganya na mtoto mgongoni, spika iko chini ya kiti, halafu uniambie.

Binamu yangu aliitwa kichwa ngumu darasani hadi darasa la nne. Masikio yake yalitoa usaha tangu akiwa mdogo, tukayapangusa na kitambaa tukisema yatapona yenyewe. Alipopimwa, sikio moja lilikuwa limeshapoteza sehemu kubwa ya usikivu. Miaka hiyo yote nyumbani tulikuwa tunamfichia simu.

Mama bado huuliza kuhusu mawimbi. Siku hizi namjibu, halafu namwambia pia apunguze redio, na mtoto akitoa usaha sikioni apelekwe kliniki wiki hiyo hiyo.