Sanduku Lililoimba

Katika nyumba ya babu yangu, mtaa wa Kibokoni, Mombasa, palikuwa na sanduku jeusi lenye mkono wa kulishikia, ambalo mgeni angalidhani kuwa ni la nguo za safari. Lilikuwa dogo kwa umbo, lakini kubwa kwa heshima. Liliwekwa juu ya kabati, mahali pasipofikiwa na mkono wa mtoto, wala halikuteremshwa ila kwa amri ya mwenyewe. Ndani yake mlikuwa na kinanda cha santuri cha aina ya 102, ambacho kampuni ya His Master's Voice ilianza kukiuza katika mwaka 1931. Mimi nilikiona katika uzee wake na uzee wa babu. Mama yangu aliwahi kukijua katika siku za nguvu zao.

Msomaji wa leo, ambaye husikia wimbo kwa kugusa kioo cha simu kwa ncha ya kidole, yamkini hataamini kazi iliyoutangulia wimbo mmoja. Kwanza babu alinawa mikono. Kisha alifungua kifuniko, akachomeka chuma cha kuzungushia ubavuni mwa sanduku, akatia ufunguo polepole huku akihesabu, kwa sababu kamani iliyokazwa kupita kiasi hukatika. Akatoa sindano mpya katika kibati, maana sindano ya chuma ilitumiwa kwa upande mmoja tu wa sahani, kisha ikatupwa. Ndiyo sababu viliuzwa vibati vya sindano 200. Akaipangusa sahani kwa kitambaa cha mahameli, akaiachia izunguke, na ndipo akateremsha sindano kwa uangalifu wa mtu anayemlaza mtoto mchanga. Baada ya dakika tatu hivi wimbo ulikwisha, na kazi yote ikaanza upya. Ikiwa aliyepewa zamu alisahau kutia ufunguo, kamani ililegea katikati ya wimbo, na sauti ya mwanamke ikashuka, ikashuka, hata ikawa ya mzee mwenye usingizi. Hapo watu walicheka, na majirani waliosimama dirishani walicheka pamoja nao, kwani santuri ya nyumba moja ilikuwa santuri ya kichochoro kizima.

Asili ya chombo hiki ni ya mbali. Katika mwaka 1877 Thomas Edison wa Marekani alifaulu kunasa sauti ya mtu katika karatasi ya bati iliyoviringishwa juu ya mcheduara. Miaka kumi baadaye Emile Berliner, mzaliwa wa Ujerumani aliyehamia Marekani, aliuacha mcheduara akatumia sahani bapa. Na sahani ilishinda, kwa kuwa katika kalibu moja zilipigwa chapa sahani nyingi zilizo sawa. Sahani hizo, kwa miaka mingi, zilifanyizwa kwa unga wa mawe ulioshikamanishwa kwa utomvu wa wadudu wadogo wa India, utomvu uo huo ulioleta lakiri ya kutilia muhuri. Kwa hiyo zilikuwa nzito, na zikianguka zilivunjika kama vyungu. Zilizunguka mara 78 kwa dakika. Naomba hesabu hiyo ikumbukwe, kwa maana ilikuja kunisumbua baadaye.

Kwa watu wa pwani yetu, habari kubwa ya santuri ni ile ya mwaka 1928. Kabla ya hapo wenye santuri wa Unguja na Mombasa walikuwa wamezoea kusikiliza nyimbo za Misri na za India. Mwaka huo Siti binti Saad, mwanamke aliyezaliwa katika kijiji cha Fumba, Unguja, katika jamaa maskini, na ambaye katika ujana wake alitembea akiuza vyungu, alisafiri pamoja na wapigaji wake mpaka Bombay, akaimba kwa Kiswahili mbele ya mitambo ya kampuni. Shaaban Robert ameandika wasifu wake, na mwanafunzi asiyeusoma amejinyima. Hebu fikirini ajabu iliyotokea. Wimbo ambao awali ulikufa pale pale ulipoimbwa, mara watu walipoondoka katika baraza, sasa ulitiwa katika kasha, ukapakiwa jahazini hadi Lamu na katika gari la moshi hadi Nairobi. Mtu asiyepata kukanyaga Unguja aliweza kutokwa na machozi kwa sauti ya mwanamke wa Unguja. Siti alifariki katika mwaka 1950, na sauti yake haikuzikwa pamoja naye.

Ajabu ya sauti isiyo na mwili ilionekana hata mbali na pwani. Katika mwaka uo huo wa 1950 Hugh Tracey, mtafiti wa muziki wa Afrika, alifika Kapkatet katika nchi ya Wakipsigis, akanasa sauti za wasichana waliokuwa wakimwimba mmoja aitwaye Chemirocha. Jina hilo lilitokana na Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani aliyefariki mwaka 1933, ambaye sahani zake zilikuwa zimefika huko. Walimsikia wasimwone, wakamwumbia mwili wao wenyewe: nusu mtu, nusu mnyama mithili ya paa. Wako wanaolicheka jambo hili. Mimi silicheki. Mama yangu alipokuwa mdogo alimwuliza babu mwimbaji yuko wapi, naye akamjibu kwamba amelala ndani ya sanduku, asisumbuliwe. Mama aliliamini neno hilo miaka mingi, akawa akipita karibu na kabati kwa kunyata.

Nisiwadanganye vijana kwamba santuri ya babu ilikuwa na sauti njema kuliko vyombo vya leo. Ilichakarisha kama samaki katika mafuta ya moto. Ngoma nzito haikusikika ila kwa kukisiwa. Tena kila ilipoimba, sindano ya chuma ililamba kidogo mchirizi wa sahani, hivyo wimbo uliopendwa sana ndio uliochakaa mapema. Aghalabu wazee wanaposifu utamu wa santuri husifu pia, bila kujua, wale waliokuwa wameketi nao mkekani.

Vyombo vilivyofuata viliishinda. Katika mwaka 1948 kampuni ya Columbia ya Marekani ilitoa sahani ya plastiki iliyozunguka mara 33 na theluthi kwa dakika, yenye kuimba zaidi ya dakika 20 kila upande. Mwaka wa pili yake RCA ikatoa sahani ndogo ya mara 45, na hiyo ndiyo iliyobeba benga na muziki wa bendi zetu kwa miaka mingi. Kaseti ya Philips ikatokea mwaka 1963. Babu alipofariki, kamani ya kinanda ilikuwa imekwisha kukatika. Kikauzwa kwa mnunuzi wa vyuma vikuukuu pamoja na sufuria zilizotoboka. Hapana aliyefanya hivyo kwa nia mbaya. Palihitajiwa nafasi juu ya kabati. Sahani zilisalia kwa sababu mnunuzi alizikataa, maana hazikuwa chuma.

Zilinifikia mimi zikiwa kumi na moja, na nne kati yake zimevunjika. Moja ilikuwa haina jina. Bibi yangu hakupenda picha ya mbwa nyumbani mwake, na mbwa akisikiliza kinanda ndiye alama ya kampuni ile, basi alibandika karatasi juu yake kwa gundi. Nilipoibandua karatasi ilitoka na jina la mwimbaji. Mama alisema ni Siti, na kwamba babu aliipiga sahani hiyo kila usiku wa Ijumaa. Mimi siwezi kuapa.

Nikaipeleka kwa rafiki mwenye chombo kipya cha thamani kubwa. Chombo kilijua mwendo wa 33 na wa 45 tu. Sahani ya babu ilinguruma ndani yake kama ng'ombe mgonjwa, na sindano yake, iliyochongwa kwa michirizi myembamba ya plastiki, ikazama katika mchirizi mpana wa kale isikute cha kusoma. Hapo ndipo nilipotambua kwamba tulipouza kile kinanda tulikuwa tumeuza ufunguo, tukabaki na mlango.

Baada ya kuulizauliza nilielekezwa kwa fundi mmoja wa Nairobi, mtu mzima, ambaye chumba chake kimejaa vyombo hata mkewe amekiita makaburi. Anayo Garrard 301 ya Uingereza, aina iliyoanza kutengenezwa mwaka 1954, wakati sahani za kale na mpya zilipokuwa zikitumika pamoja. Kwa hiyo ina myendo yote mitatu, na 78 imo. Sauti yake hukuzwa kwa taa za kioo zinazotaka kupashwa moto kwanza. Fundi aliiosha sahani kwa maji matupu, akanionya kwamba spiriti huila lakiri. Akasema ataipiga mara moja tu, ili nakala ihifadhiwe katika kompyuta.

Mama alikuwa ameketi kitini. Taa zikaanza kuwa nyekundu kama makaa yanayopulizwa. Kwanza pakasikika mchakarisho, kisha fidla, kisha mwanamke akaimba. Mama alifumba macho, na mkono wake wa kulia ukawa ukizunguka polepole juu ya goti, kama mtu anayetia ufunguo. Wimbo ulipokwisha fundi aliinua sindano, akasema kwamba nakala imetoka vizuri na kwamba sahani yenyewe sasa ipumzishwe, maana imechakaa.

"Fundi, mwanangu," mama akasema, "irudishe mara moja."

Fundi alinitazama, akaitazama sahani, akateremsha sindano.