Haba Isiyo na Kibaba: Matendo Madogo na Uenezaji wa Tumaini

Wanaohimiza matendo madogo ya kila siku hawakawii kutukumbusha kwamba haba na haba hujaza kibaba. Methali hiyo hutumiwa kana kwamba haba zenyewe zinatosha. Lakini nafaka inayomwagika chini haijazi kitu. Haba hujaza kwa sababu kibaba kipo, na yupo aliyekishika. Makala haya yanadai kwamba tendo dogo halienezi tumaini kwa kuwa jema tu. Hulieneza pale linapopata chombo cha kulipokea: kikundi kinachokutana, jirani anayeshuhudia na mtu anayerudi kukagua. Dai hilo litapimwa kwa mifano miwili ya Afrika Mashariki ya miaka ya 1970, yaani kampeni ya Mtu ni Afya nchini Tanzania na vuguvugu la Green Belt nchini Kenya.

Tuanze na namna tendo linavyoenea. Mwaka 1978 mwanasosholojia Mark Granovetter alieleza kwamba kila mtu ana kizingiti chake, yaani idadi ya watu anaotaka kuwaona wametangulia kabla naye hajaingia. Mmoja huanza peke yake, wa pili husubiri watano, wa tatu husubiri nusu ya kijiji. Ndiyo maana watu wawili wenye nia ileile huweza kutenda tofauti kabisa, kutegemea wanachokiona kwa majirani zao. Tukikubali maelezo hayo, basi tumaini halitangulii tendo kama wahamasishaji wengi wanavyodhani. Hulifuata. Mtu huanza kuamini kwamba hali inaweza kubadilika akishaona imebadilika uani kwa jirani.

Mtu ni Afya ilisimama juu ya mantiki hiyo miaka mitano kabla ya Granovetter kuiandika. Rais Julius Nyerere alikuwa ameutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na vikundi vya kusikiliza redio vilikuwa vimeshajaribiwa. Mwaka 1973, kwa wiki 12, watu wapatao milioni mbili walikutana katika vikundi vyao kusikiliza kipindi cha redio, kusoma au kusomewa kijitabu cha kampeni, kujadiliana, kisha kukubaliana la kufanya. Maamuzi yenyewe yalikuwa ya kawaida mno: kuchimba choo, kufukia madimbwi, kufyeka majani kuzunguka nyumba, kuchemsha maji ya kunywa. Maradhi yaliyolengwa, kama malaria, kichocho, safura na kuhara, yalikuwa yale ambayo wengi walishayazoea kama sehemu ya maisha.

Nguvu ya kampeni haikuwa redioni. Redio humwambia kila mtu kivyake, ilhali kikundi humwuliza mbele ya wenzake. Aliyeahidi kuchimba choo alijua kwamba wiki inayofuata ataulizwa, na shimo si kitu cha kusingizia. Aliyekuwa akingoja wengine watangulie aliwaona wametangulia. Hata hivyo, chombo hicho kilikuwa na tarehe ya mwisho. Choo cha shimo hujaa, madimbwi hurudi na masika, majani huota upya, nazo wiki 12 zimekwisha. Zaidi ya miaka 40 baadaye Tanzania iliendesha kampeni nyingine kubwa ya vyoo, Nyumba ni Choo. Haitakuwa haki kusema kwamba ile ya kwanza ilishindwa, kwa maana watu milioni mbili hawakukutana bure. Linaloonekana ni kwamba tendo la kila siku haliwezi kutegemea chombo cha msimu.

Vuguvugu la Green Belt lilianza vibaya zaidi. Tarehe 5 Juni 1977, Siku ya Mazingira Duniani, Wangari Maathai na wenzake wa Baraza la Kitaifa la Wanawake wa Kenya waliandamana hadi Kamukunji, Nairobi, wakapanda miti saba kwa heshima ya viongozi saba kutoka jamii mbalimbali za nchi. Hafla ilifana. Miti mingi kati ya hiyo saba ilikufa kwa kukosa matunzo. Hapo ndipo tofauti kati ya tendo jema na tendo linaloenea ilipojidhihirisha, na ndipo vuguvugu lilipobadili utaratibu wake.

Vikundi vya wanawake vijijini vilianzisha vitalu vyao wenyewe, vikaotesha miche ya asili na kuigawa kwa majirani na shule. Wataalamu wa misitu walitilia shaka kama watu wasio na stashahada wangeweza kazi hiyo, lakini wanawake wale wakulima walikuwa wakitunza mbegu tangu utotoni. Kila kikundi kilipata malipo kidogo, sawa na senti nne za dola ya Marekani, kwa kila mche uliopandwa ukasalimika. Neno zito hapo ni kusalimika. Malipo hayo hayakumtajirisha mtu, lakini yalilazimisha mtu kurudi kuhesabu miti iliyo hai, na kila aliyerudi aliwapa wanakijiji sababu ya kuamini kwamba kazi yao haikusahauliwa. Maathai alipotunukiwa Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka 2004, miti iliyopandwa ilikuwa imezidi milioni 30.

Kuna pingamizi moja ambalo haliwezi kupuuzwa. Wakosoaji husema matendo madogo hugeuzwa kisingizio: mwananchi hupewa mzigo wa kuokoa dunia kwa kuzima taa, huku wenye madaraka na mitaji wakiendelea na yao. Pingamizi hilo lina ushahidi. Kampuni ya mafuta ya BP ndiyo iliyotangaza kwa nguvu, miaka ya 2000, wazo la kila mtu kukokotoa kaboni anayozalisha nyumbani kwake. Tendo la namna hiyo humwacha mtu peke yake na hatia yake, wala halimkutanishi na mwenziwe.

Lakini Kenya inaonyesha njia nyingine. Waliojifunza kudai hesabu ya miche walianza kudai hesabu ya ardhi. Mwaka 1989 Maathai alipinga jengo la ghorofa 60 lililokusudiwa kusimikwa katika Bustani ya Uhuru, na mradi ukaachwa. Mwaka 1999 yeye na wenzake walishambuliwa walipokwenda kupanda mti katika Msitu wa Karura, uliokuwa umegawiwa wajenzi binafsi. Karura ni msitu hadi leo. Mche haukuchukua nafasi ya siasa. Uliwapa watu wa kawaida pa kusimama wanapoiuliza serikali maswali. Basi kipimo cha kutenganisha tendo dogo na kisingizio ni hiki: je, linawakusanya watu wanaoweza baadaye kudai kikubwa zaidi, au linawatawanya kila mmoja nyumbani kwake?

Kipimo hicho kina matumizi sasa hivi. Kenya imejiwekea lengo la miti bilioni 15 kufikia mwaka 2032, na tarehe 13 Novemba 2023 serikali iliitenga kuwa mapumziko ya kitaifa ya kupanda miti, kwa shabaha ya miche milioni 100. Watu walijitokeza, na hilo ni jema. Lakini takwimu inayotangazwa siku kama hiyo ni ya miche iliyoingia ardhini, na hiyo ndiyo hesabu ya Kamukunji ya 1977. Mtafiti, mwanahabari na mwananchi wanaotaka kujua kama tumaini limeenea wana wajibu wa kuuliza takwimu nyingine, ya miche iliyo hai baada ya kiangazi cha kwanza, na jina la kikundi kilichokabidhiwa kuimwagilia. Kama hakuna aliyekabidhiwa, siku ile ilikuwa sherehe, hata kama kila aliyeshika jembe alikuwa na nia safi.